Picha za Mashine: Muagiza Ovyo Hupewa Ovyo

Mfungo Sita uliopita, vijana wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, walikodi basi la kwendea Maulidi ya Lamu, wakabandika tangazo lao karibu na mlango wa madrasa. Tangazo lilikuwa na picha kubwa iliyong'aa kama sinia jipya. Ndani ya picha mlikuwa na msikiti wenye makuba matano ya dhahabu na minara mirefu myembamba mfano wa penseli. Mbele ya msikiti palitandaa jangwa la mchanga mwekundu, na juu ya mchanga walisimama ngamia watatu. Juu kabisa, kwa rangi ya kijani, palikuwa na maandishi yaliyofanana na Kiarabu.

Maalim wetu, mzee aliyetusomesha juzuu sisi na watoto wetu, alisimama akaitazama picha ile kwa muda. Kisha akauliza, "Wanangu, msikiti huu uko wapi?"

"Uko Lamu, Maalim."

"Na ngamia hawa walivushwa kwa mashua gani?"

Watu wakaangua kicheko, kwani asiyejua kuwa kisiwa cha Lamu ni mji wa punda ni nani? Lakini Maalim mwenyewe hakucheka. Alikuwa amekwisha kuyasogelea yale maandishi ya kijani, amevaa miwani, anajaribu kuyasoma. Hayakusomeka. Palikuwa na kitu mfano wa alifu, na kingine mfano wa mimu, na nukta zimetapakaa kama mtama uliomwagika, lakini neno hapakuwa. Ndipo aliposema maneno yaliyonichoma: "Kama hili ni jina la Mwenyezi Mungu, limeharibiwa. Kama silo, mbona limefananishwa nalo? Karatasi hii siwezi kuisoma, wala siwezi kuitupa."

Vijana wakaibandua kwa adabu, na kila mtu akashika njia yake.

Aliyeitengeneza picha ile ni mpwa wangu, kijana mwema asiyekosa sala. Jioni alinijia kwa haya, simu mkononi, akanieleza kuwa ameipata kutoka kwa mojawapo ya mitambo ya akili unde, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita akili mnemba. Mtu huiandikia maneno, nayo humchorea picha kwa dakika moja au chini ya hapo. Nikamwuliza, "Wewe uliiandikia nini?" Akanisomea maneno machache ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu ni manne tu: msikiti mzuri wa Lamu.

Basi. Hayo tu ndiyo aliyoyasema, kisha akashangaa kuletewa ngamia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikaa na kijana huyu baada ya Isha, tukiijaribu mitambo hii, na nimepata rai ambayo nataka kuwapa wasomaji. Rai yenyewe ni hii: kosa la picha hizi si la mashine peke yake. Nusu ya kosa ni letu, kwani tunaiagiza kwa maneno matupu, na tunaiagiza kwa maneno matupu kwa sababu majina ya vitu vyetu yanatutoka vinywani. Mwenye kutaka picha ya haki sharti kwanza awe na lugha ya haki.

Nitoe mfano wa nyumbani. Hapana mtu aendaye kwa fundi seremala wa Lamu akamwambia, "Nichongee mlango mzuri," kisha akaondoka. Fundi atamwita arudi. Atamwuliza: Wa mti gani? Upana wake kiasi gani? Mabawa mawili au moja? Mfaa wa katikati uchongwe au uwe mtupu? Maua au misumari? Fundi huuliza kwa sababu ana haya ya kazi yake. Mashine haina haya. Haiulizi. Ukiiachia pengo, hulijaza yenyewe, na hulijaza kwa kile ilichokizoea kukiona.

Na imezoea kuona nini? Hapa inafaa tuelewe kidogo jinsi inavyofanya kazi. Mitambo hii, kama DALL·E, Midjourney na Stable Diffusion, ilienea kwa watu mwaka 2022. Kabla ya hapo ililishwa picha nyingi mno, kila moja na maelezo yake. Mkusanyiko mmoja mashuhuri, uitwao LAION-5B, uliotolewa mwaka huo huo wa 2022, ulikuwa na picha bilioni 5.85 zilizookotwa katika intaneti pamoja na maneno yake, na kati ya hizo zipatazo bilioni 2.3 zilikuwa na maelezo ya Kiingereza. Kwa kulishwa hivyo, mashine hujifunza kuwa neno fulani huandamana na umbo fulani. Ukiiagiza, mingi ya mitambo hii huanza na chengachenga tupu, kama zile za televisheni isiyoshika stesheni, kisha huziondoa chenga hatua kwa hatua ikifuata maneno yako, mpaka sura itokeze.

Sasa mtu apime mwenyewe. Katika bahari hiyo ya picha, za Lamu ni ngapi, na za majangwa na makuba ya nchi nyingine ni ngapi? Neno "msikiti" litavutwa na wingi. Neno "Lamu" ni tone. Ama neno "mzuri" halina umbo lolote; kwa mashine, uzuri ni dhahabu na mwanga wa machweo. Kwa hivyo mpwa wangu aliletewa wastani wa misikiti ya watu wengine. Lau angalikuwa anaujua msikiti wa Mandhry, ambao hauko mbali na kwao, angalikumbuka kuwa mnara wake ni mfupi, mnene chini na mwembamba juu, na kwamba misikiti mingi ya kale ya pwani hii haikuwa na mnara kabisa.

Wala msidhani kuwa balaa hili ni la Waswahili peke yao. Mwaka 2023, jarida la tiba la The Lancet Global Health lilichapisha habari ya jaribio la wataalamu, mmoja wao akiwa Profesa Patricia Kingori wa Oxford, aliyezaliwa hapa Kenya. Waliuomba mtambo wa Midjourney uwape picha ya daktari Mwafrika mweusi akitibu watoto wa kizungu walio wagonjwa. Wakarudia na kurudia, wakapata picha zaidi ya mia tatu, na katika nyingi mno wagonjwa walitoka weusi vile vile, hata walipotajwa wazi kuwa ni weupe. Katika baadhi ya picha waliingia twiga na ndovu bila ya kualikwa. Ngamia wetu, basi, ana jamaa zake.

Jaribio hilo linatufundisha kuwa pana mahali ambapo agizo jema pia hushindwa, kwani desturi ya mashine ni nzito kuliko neno la mtu. Hilo nalikubali. Lakini agizo bovu halijapata kushinda, na kati ya mabaya mawili heri mtu afanye lililo mkononi mwake.

Haya ndiyo niliyojifunza, nami nayatoa kwa kila atakayetaka.

Kwanza, taja kitu, usitaje sifa. Maneno kama zuri, la kuvutia, la ajabu, yaweke kando. Sema chokaa, sema boriti, sema mkeka. Na pale ambapo mashine haina neno letu, usilitupe neno, lieleze. Mitambo ya miaka hii inafahamu Kiswahili zaidi kuliko ile ya kwanza, lakini ukiiandikia "daka" huenda ikakuletea kitu usichokijua. Iambie: ukumbi mdogo mbele ya mlango, wenye viti viwili vya mawe vinavyotazamana. Hapo italeta daka ingawa haijui kuwa linaitwa daka.

Pili, sema saa na mahali pa kusimama. Kichochoro cha Lamu saa sita mchana si kile cha alasiri. Sema jua liko upande gani, kivuli kimeangukia wapi, na anayetazama yuko wapi: juu ya dari, au njiani kwa urefu wa macho yake. Sema pia ni picha mfano wa kamera au ni mchoro wa rangi za maji.

Tatu, usitaje usichokitaka. Mpwa wangu alipoambiwa aondoe ngamia, aliandika: "bila ya ngamia." Wakaja wanne! Mitambo mingi, hasa ile ya mwanzo, hulishika jina ikaacha ukanusho. Dawa yake ni kuweka punda mahali pa ngamia, na ukuta wa mawe mahali pa jangwa. Baadhi ya mitambo, kama Stable Diffusion na Midjourney, ina njia maalum ya kuandika visivyotakiwa. Visivyotakiwa viandikwe huko.

Nne, lililo kubwa litangulie. Stable Diffusion ya kwanza ilisoma vipande 77 tu vya maneno kwa mara moja, na kilichozidi kilikatwa. Mitambo ya sasa husoma zaidi, lakini adabu ni ile ile. Sisi watunzi tunaijua hali hii, kwani mshororo wa mizani kumi na sita haubebi mizani ishirini. Neno lisilofanya kazi hufukuza linalofanya.

Tano, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ubeti ukiwa na kina kibovu hatuuchani ubeti mzima, tunatafuta kina. Vijana wetu, picha ikikosa kidogo, huandika agizo jipya kabisa, wakapoteza hata kile kilichokuwa kimekaa sawa.

Sita, nalo nalitilia mkazo, usiiachie mashine iandike. Isiandike aya, isiandike jina la Mola, isiandike hata jina la leso. Leso ina pindo, ina mji, na ina maneno yake, na leso iliyoandikwa upuuzi ni aibu kwa aliyeivaa. Mitambo mipya imejirekebisha katika herufi za kirumi, lakini kwa za Kiarabu bado inahitaji kukaguliwa nukta kwa nukta. Iambie iache nafasi tupu, kisha mwandishi mwenye mkono wake aandike.

Kwa kufuata haya, agizo la maneno manne liligeuka kuwa hivi: "Kichochoro chembamba katika mji wa mawe wa pwani ya Afrika Mashariki, upana wa watu wawili kupishana. Kuta ndefu za chokaa nyeupe zenye madoa ya umri. Upande wa kulia, mlango wa mbao wa mabawa mawili uliochongwa maua, na mbele yake viti viwili vya mawe vinavyotazamana. Mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono ameketi, hatazami kamera. Punda mmoja wa kijivu anapita. Alasiri, nusu ya njia iko kivulini. Imetazamwa kwa urefu wa macho ya mtu anayetembea."

Picha iliyotoka haikuwa Lamu, lakini ilikuwa jirani yake. Mtu wa Lamu angeitazama bila ya kucheka.

Hata hivyo, katika kuliandika agizo hilo lilifichuka jambo lililonisikitisha kuliko ngamia. Kila nilipomwambia kijana ataje kitu, alikwama. Kidaka cha ukutani hakukijua jina. Mfaa wa mlango aliuita "ile mbao ya katikati." Tulipofika kwenye vyombo vya bahari nikaona giza kabisa. Yeye amefaulu Kiswahili katika mtihani wake, na methali isemayo enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, anaijua pamoja na maana yake ya ndani na ya nje. Nikamwuliza: tezi ni wapi, na omo ni wapi? Akatabasamu kwa soni. Anaimiliki methali, chombo hana.

Simlaumu. Nani alimpandisha chomboni? Sisi wenyewe tunasema "ile kamba" na "lile gogo" mbele ya watoto, kwa uvivu, kisha tunashangaa kuwa majina yamekufa. Ndiposa nasema mashine hii imetufanyia hisani moja bila ya kukusudia: imetutahini. Kila pengo katika agizo ni pengo katika lugha yetu, na kila pengo la lugha hujazwa na mgeni.

Hapa najua nitapingwa, na wanaopinga wana haki ya kusikizwa. Wapo watakaosema picha za vyenye roho zina hukumu yake, kwa nini basi kuzifunza? Katika hilo maulamaa wamesema na wamehitilafiana, na kila mtu ana sheikh wake wa kumwuliza. Mimi nasema tu kwamba sura za Mitume na Masahaba si za kuagizwa hata kwa mzaha, na hilo sidhani tunalo la kubishana.

Wengine watasema: kwa nini mashine, na wapiga picha tunao? Hao nawaunga mkono kwa mikono miwili. Misikiti ya Lamu imesimama. Mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na hadi leo mtu akishuka gatini atauona kwa macho yake. Kitu kilichopo kipigwe picha, na mpigaji alipwe ujira wake. Mwenye kuagizia mashine msikiti uliosimama ni kama mwenye kununua maji ya chupa akiwa ameketi kisimani. Mashine naiona inafaa kwa kile ambacho kamera haikifikii tena.

Lakini hapo hapo pana hatari iliyo kubwa kuliko zote. Muyaka bin Haji, mtunzi wetu mkuu wa Mombasa, alifariki yapata mwaka 1840. Ufundi wa picha za kamera ulitangazwa Paris mwaka 1839. Basi hapana kamera iliyopata kumwona Muyaka, na picha yoyote ya kamera itakayodaiwa kuwa yake ni ya uongo, hata ingekuwa na vumbi na rangi ya kahawia ya kale. Leo mtoto yeyote aweza kuitoa picha hiyo kwa dakika moja, ikaingia katika simu elfu, na baada ya miaka kumi ikawa katika kitabu cha shule. Vivyo hivyo kwa Mwana Kupona, na kwa kila aliyetutangulia bila ya kuacha sura. Sharti langu ni moja: picha ya mashine iandikwe chini yake, kwa herufi zinazosomeka, kuwa ni ya mashine. Asiyeandika hivyo anashuhudia asichokiona.

Tena tukumbuke kuwa picha tunazozimwaga leo katika intaneti zinaweza kuokotwa kesho kulisha mashine nyingine. Lamu ya makuba na ngamia ikizidi kumwagwa, mashine za wajukuu wetu zitajifunza kuwa hiyo ndiyo Lamu, na mjukuu atakayesema sivyo ataonekana ndiye mwongo.

Nimalize kwa habari ya mpwa wangu. Mwezi uliopita Maalim alitaka kuwaeleza watoto wa madrasa habari za mtepe, kile chombo cha visiwa vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, ambacho kilitoweka majini katika karne ya 20. Kijana akasema atajaribu. Mara ya kwanza mashine ikampa jahazi lenye tanga lililochongoka, kwani picha za majahazi ndizo nyingi. Safari hii hakuridhika. Alikwenda Fort Jesus akaangalia, akawauliza wazee, akarudi na majina yake katika kijitabu. Akaandika: tanga la pembe nne lililosukwa kwa miyaa, mlingoti mmoja wima, mbao za ubavuni zilizoshonwa kwa kamba, omo ndefu iliyochomoza mbele kama shingo ya ngamia. Akalirekebisha agizo mara kumi na moja. Chini ya picha akaandika kwa mkono wake: Imechorwa kwa mashine, kwa maelezo ya wazee.

Maalim akavaa miwani. Akaonyesha mahali pawili palipokosewa, akataja majina mengine mawili ambayo mimi pia sikuyajua, na kijana akayaandika. Kisha mzee akaweka kidole juu ya ile omo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mfungo Sita.

"Huyu," akasema, "ndiye ngamia aliyekuwa akivuka bahari."

Nami nawaachia ubeti wangu huu mmoja:

Mwenye kuagiza picha, sema kwa jina kamili,
La sivyo hadi kukicha, hutapata la asili,
Mambo yetu tukiacha, mgeni ayabadili,
Taja kitu kwa ukweli, usiseme ukaficha.